Esansi tuliyobania ndiyo iliyounguza injini

Maneno ya kamati ya karakana mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili walioomba kuelezwa.



Mwenyekiti ametuomba tuseme juu ya pikipiki za chama. Ametupa nusu saa. Tunajua wengi wenu hamkuja kusikia habari za skrubu na jikleri. Mmekuja kujua pesa ziko wapi. Mko na haki. Lakini safari hii mambo hayo mawili ni jambo moja. Pesa zilizopotea zilipotelea ndani ya karbirateri, na hatuwezi kueleza la pesa bila kueleza la karbirateri.

Mnakumbuka mpango ulivyokuwa. Tulivuka ziwa kurudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, kila mtu na mizigo yake michache na watoto. Tukaanza na mchango mdogo wa kila juma. Baadaye, kwa mchango huo na msaada wa wafadhili, tulinunua pikipiki nne. Kila moja ilipewa mwanachama kwa mkopo: analipa kila juma, na pesa anazolipa ndizo zinamnunulia anayefuata kwenye foleni. Ndiyo maana pikipiki moja ikisimama, si mtu mmoja anayekaa chini. Namba tano, namba sita, namba saba, wote wanakaa chini pamoja naye.

Basi, kiangazi kilichopita, pikipiki mbili kati ya hizo nne zilikufa injini. Watu walisema mengi. Wengine walisema vijana wanakimbiza sana. Wengine walisema tulinunua vitu vibovu. Wengine walitaja mambo ya kulogwa. Sisi tulinyamaza, juu tulikuwa bado hatujajua. Sasa tumefungua injini zote mbili, tumeziangalia pamoja na fundi mzee kutoka Uvira, na tunajua. Kosa lilikuwa letu sisi kamati.

Tulivyokosea

Bei ya esansi ilipopanda, wamotari walikuja kwetu wakilalamika: "Hii moto inakula sana, jioni hatubaki na kitu. Tutafanya je?" Tulitaka kuwasaidia. Tulifanya mambo matatu.

La kwanza, tuligeuza skrubu ya karbirateri kwenye pikipiki zote nne ili esansi ipite kidogo. La pili, kwenye pikipiki mbili tulitoa jikleri kubwa na kuweka nyingine yenye tundu dogo zaidi. La tatu, kijana mmoja kati ya hao wawili aliomba eshapma yake itobolewe ndani. Alisikia kwamba injini "itapumua" na kupoa. Tukamtobolea kwa nondo, na makelele yake mliyasikia wote.

Majuma ya kwanza tulifurahi. Kila pikipiki ilikuwa inaokoa chupa moja ya esansi kwa siku tatu. Tuliandika hata katika ripoti kwa wafadhili kwamba tumepunguza matumizi. Ripoti ile leo tunaisahihisha mbele yenu.

Kisha dalili zikaanza, na hatukuzisikiliza. Injini ikawa nzito kuwaka asubuhi. Motari akifunga gesi kwenye mteremko, eshapma inapiga pa! pa! Wakati wa kupanda inavuta, inakata, inavuta tena, kama mtu mwenye kwikwi. Bomba la eshapma karibu na injini likageuka rangi ya bluu. Kijana mmoja alituambia mguu unamuungua hata akivaa suruali nzito. Tulimjibu: "Ni kiangazi, jua ni kali." Jibu lile linatuuma mpaka leo.

Pikipiki ya kwanza ilikufa kwenye mlima wa njia ya Fizi, ikiwa na abiria mmoja na magunia mawili ya ndagala kavu. Mwendeshaji ni mtoto wa mama mjane ambaye ni mwanachama tangu mwanzo. Alisema hivi: "Ilipoteza nguvu, ikalia kama kokoto mu kopo, halafu mupira wa nyuma ukashika." Walianguka wote wawili. Mungu alisaidia, walichubuka tu, na ndagala zikamwagika. Tulipofungua, kichwa cha pistoni kilikuwa cheupe na kimeliwa pembeni, na alumini yake imejipaka kwenye ukuta wa silinda. Pikipiki ya pili, ile ya eshapma iliyotobolewa, haikukaza. Ilipoteza tu nguvu siku baada ya siku hadi ikakataa kuwaka. Ndani tulikuta valvu ya kutolea moshi imeungua ukingo.

Hesabu ni hii. Kwa miezi miwili kila pikipiki iliokoa kama chupa 20 za esansi. Kutengeneza injini ya kwanza kulikula dola 85, na ya pili dola 40. Pikipiki hizo zilisimama majuma sita bila kulipa kitu. Chupa 20 haziwezi kununua pistoni na silinda, sembuse kulipa majuma sita.

Karakana moja, Kiswahili viwili

Kabla ya kueleza injini, tuseme jambo moja linalotuchekesha lakini limewahi kutugharimu. Katika karakana yetu tuko watu wa aina mbili. Waliobaki hapa wanasema karbirateri, buji, eshapma, turnevisi. Waliokua Tanzania wanasema kabureta, plagi, ekzosi, bisibisi. Ni vitu vilevile, na kwa kawaida tunaelewana.

Lakini kuna neno moja la hatari: petroli. Kule kambini petroli ni ile ya kuweka kwenye pikipiki. Hapa kwetu petroli ni mafuta ya taa, na ya pikipiki inaitwa esansi. Kijana mmoja aliyerudi mwaka uleule alisimama kwa muuzaji wa barabarani, wale tunaowaita kadafi, akaomba "petroli chupa mbili". Alipewa alichoomba. Pikipiki ilitoa moshi, ikagonga, ikachemka, ikasimama kabla ya kufika Mboko. Muuzaji hakumdanganya. Lugha ndiyo ilimdanganya.

Tunalisema juu kuna pia wanaochanganya makusudi. Mafuta ya taa ndani ya esansi, hata kidogo, yanafanya mchanganyiko ulipuke kabla ya wakati wake. Hiyo ndiyo sauti ya kokoto ndani ya kopo. Ukiisikia, punguza gesi na simama. Njia rahisi ya kupima: dondoshea matone machache kwenye karatasi safi, mbali na moto. Esansi nzuri inakauka upesi na haiachi kitu. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la kunata. Anayenunua kwenye chupa afanye hivyo kila mara akibadilisha muuzaji.

Kwa nini esansi kidogo inaleta joto

Watu wengi wanafikiri hivi: esansi ndiyo inaungua, kwa hiyo esansi ikipungua na joto linapungua. Sisi pia tulifikiri hivyo. Ni kinyume.

Ndani ya injini kinachoungua ni esansi pamoja na hewa. Kwa kila kilo moja ya esansi zinahitajika karibu kilo 15 za hewa. Ukitaka kuona kwa macho: chupa ya lita moja ya esansi inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa, yaani mapipa 45 yale makubwa ya lita 200. Ndiyo maana filta ya hewa ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyoiona.

Injini inayobeba mzigo kwenye mlima inahitaji esansi zaidi kidogo ya kipimo hicho. Esansi ile ya ziada haipotei bure. Inapoingia ikiwa matone na kugeuka mvuke, inachukua joto, kama vile mkono unavyosikia baridi ukimwagikiwa esansi. Ukiibania, unaondoa kile kinachopoza. Tena mchanganyiko mwepesi unaungua polepole. Valvu ya kutolea moshi inafunguka wakati moto bado unawaka, na moto unapita juu ya valvu na kuingia kwenye bomba. Ndiyo ile rangi ya bluu, na ndiyo ile valvu iliyoungua.

Mama zetu wanajua jambo hili bila kufundishwa. Makala ndani ya mbabula, ukiyapepea kwa ufuniko, yanakuwa mekundu na sufuria inaungua chini. Hamkuongeza makala. Mliongeza hewa.

Kupima karbirateri

Tunaanza na vitu ambavyo si karbirateri. Mafundi wengi, na sisi tukiwamo, tulikuwa tunakimbilia skrubu kwanza. Sasa utaratibu wetu ni huu.

Toa filta ya hewa. Ikiwa ya sponji, ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, uipake mafuta ya injini kidogo na uikamue. Ikiwa ya karatasi, ipige vumbi litoke, na ikichakaa ibadilishwe, usiioshe. Usiendeshe bila filta hata siku moja. Bila filta hewa inazidi, na vumbi la njia yetu linakwangua silinda kama msasa.

Angalia mfuniko wa tangi. Vijana wanaweka plastiki chini ya mfuniko ili mvua isiingie. Plastiki ile inaziba kitundu cha hewa. Esansi inateremka kwa shida, na kwenye mlima mrefu karbirateri inakaukiwa. Injini inachemka na wewe unamlaumu fundi.

Angalia mpira unaounganisha karbirateri na injini. Ukipasuka, hewa inaingia kwa wizi. Dalili yake ni kwamba ukiachia gesi, injini inachelewa kushuka. Washa injini na unyunyizie maji kidogo kwenye mpira. Sauti ikibadilika, pamepasuka. Tumia maji tu. Kuna wanaonyunyizia esansi juu ya injini inayowaka. Msifanye hivyo, mtaungua.

Angalia nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, asubuhi kabla ya kuwashwa. Kwa injini nyingi ndogo za aina ya TVS na Boxer tunazotumia, nafasi iko kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini fuata namba ya kitabu cha pikipiki yako. Valvu iliyobanwa sana haifungi vizuri, na isipofunga inaungua.

Hayo yakiwa sawa, sasa ndiyo karbirateri. Ina njia tatu za kupitisha esansi, na kila njia ina wakati wake. Jikleri ndogo na skrubu yake zinalisha injini ikiwa ralanti mpaka kama robo ya gesi. Sindano inalisha katikati. Jikleri kubwa inalisha kuanzia hapo mpaka gesi yote. Hapa ndipo tulipokosea mara mbili: tuligeuza skrubu tukidhani inatawala kila kitu, kisha tukapunguza jikleri kubwa, ile inayofanya kazi kwenye mlima na magunia. Jikleri kubwa haitakiwi kuguswa kwa ajili ya kubania. Ibaki namba ya kiwandani. Na tundu lake lisisafishwe kwa waya wa chuma, juu waya unalipanua. Tumia hewa ya pampu au unywele mgumu wa brashi.

Skrubu ya ralanti inapimwa injini ikiwa imepata joto, baada ya kuendesha dakika kumi. Kwanza jua skrubu yako ni ya aina gani. Ikiwa iko upande wa injini, ni ya esansi: ukiifungua, esansi inaongezeka. Ikiwa iko upande wa filta, ni ya hewa: ukiifungua, esansi inapungua. Fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kubania akidhani anaongeza.

Ifunge polepole mpaka iguse, bila kukaza, ukihesabu mizunguko ili uweze kurudi ulipoanzia. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Pandisha ralanti kidogo kwa ile skrubu nyingine ya gesi. Sasa geuza skrubu ya ralanti robo kwa robo, usikilize. Kuna mahali injini inazunguka haraka zaidi na kwa sauti laini. Ukipita hapo upande wowote, inashuka au inatetemeka. Acha pale pa sauti laini, kisha shusha ralanti kwa skrubu ya gesi mpaka injini inatulia bila kuzimika. Fungua gesi kwa ghafla: ipande bila kukohoa. Achia: irudi bila kuchelewa.

Mwisho, buji ndiyo shahidi. Endesha na mzigo kama kilometa tano, ukiwa unavuta kwenye mlima zima kontakti na ukamate ambreyaje kwa wakati mmoja, simama pembeni pasipo na hatari, toa buji kwa kitambaa. Rangi ya chai ya maziwa, iko sawa. Nyeupe kama chaki, injini inachemka, esansi haitoshi. Nyeusi kavu kama masizi, esansi imezidi. Nyeusi ya kulowa, mafuta ya injini yanapanda, na hilo si la karbirateri, ni segmenti. Buji tulizotoa kwenye injini mbili zilizokufa zilikuwa nyeupe. Zilitusubiri zituambie, na sisi hatukuzitoa.

Eshapma

Eshapma si bomba la makelele. Ndani ina vyumba na vitundu vilivyopimwa na kiwanda pamoja na jikleri. Ukivitoboa, moshi unatoka kwa urahisi zaidi, hewa inayoingia inaongezeka, lakini jikleri haikuongezeka. Mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi. Yule kijana alikuwa na jikleri ndogo na eshapma iliyotobolewa, yaani tulimbania upande mmoja na kumfungulia hewa upande mwingine. Nguvu nayo haikuongezeka. Injini ndogo ya kubeba watu inahitaji nguvu ya chini, ya kuondoka na ya kupanda, na hiyo ndiyo ilipungua. Alichopata ni makelele tu, na malalamiko ya hospitali iliyo jirani na kituo chake.

Kinyume chake pia ni kibaya. Eshapma iliyojaa masizi, au iliyobonyezwa na jiwe mpaka njia ikawa nyembamba, inazuia moshi na joto kutoka. Ishushe, igonge kwa ubao masizi yatoke, pitisha waya kwenye mdomo wake, uinyooshe palipobonyea.

Na mahali inapofungwa kwenye injini kuna gasketi ndogo ya duara. Kila ukishusha eshapma, weka mpya. Ikivuja pale, unasikia mlio mwembamba wa tsi, tsi, unaona masizi kwenye kiungo, na ukifunga gesi inapiga pa! pa! Mlio huo unafanana na ule wa esansi kupungua. Kwa hiyo hakikisha kiungo hakivuji kabla hujagusa karbirateri, la sivyo utatibu ugonjwa usiokuwapo.

Mlima na ziwa

Kuna motari wetu mmoja anayepeleka mizigo nyanda za juu, huko kwenye mita 2,400. Hapa kando ya ziwa tuko kama mita 770. Kule juu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Esansi ileile na hewa iliyopungua: injini inakuwa nzito na buji nyeusi. Fundi wa kule alimwekea jikleri ndogo zaidi, na kwa kule alifanya vizuri. Lakini kijana aliteremka nayo hadi ziwani, kwenye hewa nzito na joto, akabeba abiria majuma mawili. Bomba lilianza kuwa bluu. Safari hiyo tulikuwa tumekwisha kujifunza, tukaiwahi.

Anayefanya kazi pande zote mbili afuate kipimo cha ziwani. Kule juu atatumia esansi zaidi kidogo na atapoteza nguvu kidogo, lakini injini haitaungua. Injini iliyopimwa kwa mlima haiteremki bila kubadilishwa jikleri.

Mengine yanayochemsha

Haya tunayapitia haraka. Matope kwenye mapezi ya injini yaoshwe kila jioni, injini ikiwa imepoa, juu pikipiki hizi zinapozwa na upepo tu. Mafuta ya injini yapimwe kila asubuhi na yabadilishwe kwa wakati. Freni inayokwaruza, mnyororo uliokazwa mno na tairi zenye upepo kidogo vinaifanya injini ivute mzigo ambao haulipiwi nauli. Na abiria watatu na gunia juu ya mlima, hakuna karbirateri itakayosamehe.

Tumeona faida moja hapo. Baada ya kurudisha jikleri na kusafisha filta, freni na minyororo, karibu nusu ya ile esansi tuliyotaka kubania imerudi. Akiba ilikuwepo. Tuliitafuta mahali pasipo pake.

Tulichoamua na tunachoomba

Kwanza, pikipiki zote nne zimerudishwa jikleri za namba ya kiwandani, na eshapma iliyotobolewa imebadilishwa.

Pili, kuna daftari karakanani. Kila fundi anayegusa karbirateri anaandika tarehe, alichogeuza, mizunguko mingapi, na rangi ya buji kabla na baada. Asiyejua kuandika anamwita mwenzake. Zamani kila mtu aligeuza akaenda zake, na wa pili hakujua wa kwanza alifanya nini.

Tatu, kila Jumamosi asubuhi pikipiki zote zinakuja kwa ukaguzi wa filta na buji. Ni dakika ishirini. Motari akisema "inachemka", hakuna kumjibu "ni kiangazi". Tunatoa buji kwanza, ndipo tunajibu.

Nne, pesa. Tunaomba mkutano ukubali kwamba yale majuma sita yasihesabiwe kuwa deni kwa wale wanachama wawili. Walifuata maneno yetu. Kwa zile dola 125, sisi kamati tutaacha posho yetu mpaka zirudi zote kwenye kasha la chama. Mtunza hazina atasoma kiasi kilichobaki katika kila mkutano, kwa sauti.

Kwa wafadhili tunasema hivi: hatuombi pikipiki ya tano. Hiyo tutainunua kwa foleni yetu kama tulivyoahidi. Tunaomba vitu vidogo: vipimo vya nafasi ya valvu, jikleri za akiba, filta, gasketi za eshapma, na siku chache za yule fundi mzee wa Uvira kuja kuwafundisha vijana wetu sita. Vyote pamoja havifikii bei ya nusu ya pikipiki. Tungeviomba tangu mwanzo, lakini tuliona aibu kuomba vitu vidogo, tukaomba vikubwa visivyokuwa na wa kuvitunza.

La mwisho. Namba tano kwenye foleni ni mama aliyeketi pale nyuma, amebeba mtoto. Amechangia kila juma tangu chama kianze, hata juma alilomzika mume wake. Pikipiki yake ilikuwa ifike mwezi huu. Haitafika mwezi huu. Itachelewa, na haikuchelewa juu ya vita, wala juu ya mvua, wala juu ya wizi. Ilichelewa juu yetu, tuliogeuza skrubu tusiyoielewa. Mama, tunakuomba samahani mbele ya wote. Pikipiki yako ikifika, ndiyo itakayoandikwa kwenye ukurasa wake wa kwanza katika daftari ikiwa bado mpya, na mtoto wako atakayeiendesha ataanza kujifunza karakanani Jumamosi hii, kabla haijafika.

Wenye maswali wayaulize sasa. Wenye pikipiki zinazochemka, wasiziwashe kurudi nyumbani kabla hatujatoa buji.